Vifungo Saba vya Mama Faida

Jumamosi. Baridi ya leo imeniuma mpaka kwenye ufizi, na ufizi ndio niliobaki nao, meno yaliondoka zamani.

Nina miaka sabini na minane. Nimewazika wake wawili, binti mmoja, mabosi watatu waliosema sitafika sitini, na daktari aliyenikataza chumvi. Shuleni nilikaa miaka miwili, kwa hiyo haya naandika kwa kidole kimoja, polepole. Wazee wenzangu wa hapa Yeoville wana bao, mimi nina blogu. Asiyependa mwandiko wangu asifungue, sijamwita mtu.

Kwanza mjue mimi ni nani. Mimi ni sonara. Si muuza mikufu ya dirishani. Sonara wa nyundo na moto. Mhindi aliyenifundisha kule Tanga alikuwa akinifunga kitambaa machoni, anadondosha sarafu juu ya jiwe moja moja, nami nataja: hii fedha, hii bati, hii fedha iliyotiwa shaba. Nikikosea, kofi. Baada ya mwaka mmoja mkono wake ukakosa kazi. Hapa Johannesburg Wakongo, Warundi, watu wa Dar, yeyote mwenye pete ya wasiwasi anaambiwa mpelekee Mzee Mbwana aisikilize. Hawasemi aitazame. Aisikilize.

Sasa fedha imekuwa adimu mjini. Nasema madini yenyewe, si pesa, pesa zimekuwa adimu tangu nizaliwe. Duka la sarafu ninalolijua liko Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Mwenyewe ni mzee wa Kireno, tumetukanana kwa heshima miaka ishirini. Zamani ulikuwa ukiingia unachagua kwenye trei kama unachagua nyanya. Siku hizi trei ni vitambaa vitupu, na mlangoni kabandika karatasi ya Kiingereza ambayo wengine walinisomea: hakuna fedha, msiulize. Watu wanapanga foleni hivyo hivyo tangu asubuhi, wakingoja atokee mwenye shida aje kuuza. Na feki zimejaa barabarani.

Mimi nilikuwa kwenye foleni kwa sababu ya Mwanaidi, mjukuu wangu. Anaolewa mwezi ujao. Nilimuahidi bangili mbili za fedha kwa mkono wangu, kama zile nilizomfulia mama yake, ambazo wezi waliziiba.

Hakuna mwizi aliyeziiba.

Niliziuza mwenyewe kwa Mreno, arobaini ya binti yangu haijafika. Zikayeyushwa. Mwanaidi alikuwa mdogo, alilia wiki nzima, nami nikawalaani wezi mbele yake mpaka nikaanza kuwaamini.

Basi Jumamosi tatu zilizopita Mama Faida akaja kwenye foleni. Mama Faida ni fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu, chumba chake cha kushonea kiko mtaa wa pili kutoka kwangu. Mume wake alikuwa mlinzi wa usiku. Kila Desemba badala ya kununua bia alinunua sarafu moja ya fedha yenye picha ya swala, wakia moja, akaifunga kwenye soksi. Alipofariki soksi ilikuwa na sarafu saba. Mama Faida aliziheshimu sarafu zile kama marehemu mwenyewe. Siku hiyo alikuwa amekuja kuziuza, kwa sababu mpangaji mwenzake anahama na yeye anataka chumba kizima.

Nikaziona. Wakia saba. Bangili mbili nene na masalio.

Nikamwambia asisumbuke kungoja mlango ufunguliwe, nitazinunua mimi, hapo hapo, kwa bei ya Mreno. Akafurahi. Ila akasema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Papa Mbwana, uzisikilize kwanza, banasema feki iko mingi." Foleni yote ikatugeukia. Walikuwa wamesikia habari zangu, hasa tangu nilipomuumbua muuzaji mmoja wa barabarani hapo hapo mlangoni.

Nikaweka sarafu juu ya ncha ya kidole, nikaigonga kwa nyingine. Wote wakanyamaza.

Sikusikia kitu.

Nikagonga tena. Kimya. Lakini niliziona nyuso zao. Watu walikuwa wameinamisha vichwa kidogo, vile mtu anavyofanya anapofuata sauti inayokwenda mbali. Niliona wazi kwamba imelia na bado inalia, vile inavyolia fedha ya kweli, ni mimi tu ambaye haikunifikia. Hawakujua ule mlio maana yake nini, walikuwa wananingoja mimi niwaambie.

Hapa niseme kweli, maana hii ni shajara yangu. Tangu mwaka jana birika likichemka sisikii, mpaka niuone mvuke. Mwadhini wa hapa mtaani namsikia kama yuko Pretoria. Yule muuzaji wa barabarani nilimjua kwa kutazama ukingo wa sarafu yake, nikajifanya nimeisikiliza.

Ningeweza kusema leo kuna upepo. Ningeweza kusema tumuulize Mreno, ana mashine. Lakini maisha yangu yote kisicholia masikioni mwangu nimekiita bati, na ulimi wangu ukasema, "Bati."

Mama Faida akaniomba nigonge nyingine. Nikazigonga zote saba, na kila moja nikaikunjia uso kama maziwa yaliyochacha. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama na mdomo wangu haujui kusimama, nikasema kwa sauti, "Mama Faida, marehemu amekuachia vifungo. Wewe ni fundi, vishone kwenye koti."

Wakacheka foleni nzima. Mimi pia nilicheka.

Alizirudisha kwenye soksi moja moja, akaondoka bila kumngoja Mreno. Na mimi nikabaki mlangoni, nimetukana fedha ya kweli niliyokuwa nimeishika mkononi, tena kwa hiari yangu. Mpaka jioni hakutokea muuzaji mwingine.

Wiki iliyopita nikaenda kuchukua kanzu yangu ya harusi. Kwa nani? Kwa Mama Faida, nani mwingine anayejua kushona kola. Nilimkuta amevaa koti jeusi la sufu, jipya. Vifungo saba, kutoka kidevuni mpaka magotini, kila kimoja kina swala, na kila swala ametobolewa matundu mawili tumboni.

Nikanyoosha mkono, nikakishika kimoja. Siku ya foleni vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi. Humo ndani mna hita. Fedha ukiishika inachukua joto la mkono wako mara moja, bati haina adabu hiyo. Kikapata moto kati ya vidole vyangu kabla sijavuta pumzi.

Akanitazama anavyonitazama akinipima mabega. "Minajua, papa," akasema. "Jumatatu yake nilirudi kwa Mreno. Mashine ilisema fedha tupu, zote saba."

Nikamuuliza kwa nini amezitoboa, basi. Akasema fundi wa funguo alimtobolea. Chumba kizima atakipata mwaka mwingine, lakini watu wote waliomcheka mume wake ni lazima wawaone swala wale kwanza, kanisani, kwenye teksi, sokoni. Na mimi niwaone kila nikija kuchukua nguo.

Nikamweleza habari ya Mwanaidi na bangili. Sikumuomba, mimi siombi, lakini nilieleza kwa urefu. Akakata uzi kwa meno, akatunga mwingine kwenye sindano. Kisha akasema niende Jumamosi kwenye foleni ile ile, niseme mbele ya watu wale wale, halafu tutaona.

Siku sita sikulala vizuri. Nilijiambia siendi. Mtu aliyewazika mabosi watatu haamrishwi na mshona makoti. Leo asubuhi nikajikuta kwenye teksi.

Foleni ilikuwepo, ndefu kuliko zamani. Mreno alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Mama Faida akafika amelifunga koti mpaka juu. Akajipanga mbele yangu, akatoa mkasi wake mfukoni, akakigonga kifungo cha kwanza. Akaniuliza nasikia nini.

Nikasema sisikii kitu.

Akaniambia niseme kwa nguvu, watu wa nyuma hawajapata. Nikasema kwa nguvu. Nikasema masikio yangu yamekufa tangu mwaka jana, nikasema sarafu zile ni fedha safi, nikasema nilijua siku ile ile kwamba zimelia. Nikasema marehemu mume wake alikuwa mtu makini kuliko mimi. Hilo la mwisho hakunitaka niliseme, lilitoka lenyewe.

Safari hii walicheka zaidi. Kijana mmoja nyuma, akiniita mzee kwa lugha ya hapa, akasema, "Eish, madala, akushonee na masikio." Niliisoma kwenye midomo yake, kisha Mreno akairudia sikioni mwangu ili nisiikose. Ndiye rafiki huyo.

Nikamgeukia Mama Faida. Nilikuwa nimekwenda na kifuko cha ngozi cha kuwekea fedha, na mkasi wa kukatia vifungo alikuwa nao yeye.

Akaurudisha mfukoni.

"Tulisema tutaona," akasema, polepole, ili nimsome. "Basi nimeona."

Akashuka kwenda kwenye teksi za Yeoville. Jua la baridi lilikuwa linawapiga swala saba mpaka alipopita roboti, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa hapa, na kukata kona. Sikumfuata. Ningekuwa yeye, hata kwenye foleni nisingemuita mtu kama mimi, ningempita mtaani tu.

Kesho Mwanaidi anakuja nimpime mkono. Nitaupima. Kisha nitamwambia hakuna bangili, na kwamba za mama yake hazikuibwa. Naweza kumwambia kwa Kiswahili, anaelewa. Atanijibu kwa Kizulu na kwa kasi, kama kawaida yake akikasirika, na nusu haitanifikia. Nusu itakayobaki inanitosha.

Atakayesema nimetunga amuulize Mreno, alisimama na kikombe chake mpaka mwisho. Amuulize Mama Faida, koti analo mwilini. Amuulize yeyote kwenye foleni ile, bado wanaisimulia. Na mimi mwenyewe niko Yeoville, njooni mniulize.

Ila semeni kwa nguvu.