Onyo Alilolizima Cornel

Geita

Mdogo wangu Ndaki,

Pokea salamu zangu hapo Ngokolo. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na mama Cornel hajambo. Mimi mwili ni mzima, lakini nina hasira. Kwa simu ungenikatiza ili umtetee mwanao, barua haikatizwi.

Uliniomba nimpatie Cornel kazi katika kikundi chetu cha wachimbaji, nami nikampa. Wanachama walimwita injinia kabla hajashika chochote. Alileta programu ya kompyuta inayobaini vipimo visivyo vya kawaida, ili tujue mapema maji yakianza kupanda shimoni, kabla hayajawafikia watu walio chini.

Vipimo huandikwa na Masele, mlinzi wa pampu. Hushusha kamba saa kumi na mbili asubuhi, pampu ikiwa imevuta maji usiku kucha, na tena saa kumi na mbili jioni, maji yakiwa yamepanda. Cornel alipoviingiza kwenye kompyuta, aliweka vichwa vitatu tu juu ya safu: tarehe, saa na kina. Maneno asubuhi na jioni aliyaacha, akisema yanajaza nafasi. Basi kompyuta ikaona saa kumi na mbili ileile ya siku ileile ina vina viwili, ikatangaza kwamba vipimo si vya kawaida.

Cornel aliuonyesha mkutano wa kikundi mchoro wa vipimo hivyo. Vijana walimcheka Masele, wakamuuliza kama kamba yake hupima maji au hupima pombe. Masele alijibu kwamba kamba haina sababu ya kusema uongo, wala yeye hana. Tulimfukuza kwa kura.

Juzi mlinzi mpya naye aliitwa mwongo na kompyuta ileile. Ndipo nilipomwamuru Cornel afungue kazi yake mbele yangu, nikaviona vichwa hivyo. Nilidhani ni uzembe, na uzembe ningeukaripia yakaisha.

Ndaki, haukuwa uzembe. Mwanao alinieleza kwa kinywa chake kwamba programu ilimwonya tangu mwanzo kuwa saa zinajirudia. Alilizima onyo hilo kwa sababu mkutano ulikuwa karibu, naye alitaka sifa. Masele alipokuwa akichekwa, Cornel alikuwa anajua. Hata hivyo alipokea makofi.

Nilikwenda kwao Maganzo kumwomba Masele arudi. Alinikaribisha vizuri, akasema kwamba alifukuzwa mbele za watu, hatarudi kwa kunong'onezwa.

Kwa hiyo Cornel atasimama mkutanoni na kuyasema haya mwenyewe. Nawe utakuwa kando yake, maana kwetu kijana mwenye baba haendi kuomba radhi peke yake. Akikataa, njoo peke yako, nami nitakusimamisha wewe.

Msalimie mama Cornel, na umsomee barua hii yote bila kuruka neno.

Ni mimi kaka yako,
Magesa