Kuni za Darwin

Mama yangu mpendwa,

Nilirudi Darwin, kule kaskazini mwa Australia. Safari hii nilikwenda na mjukuu wako Aline, maana alikuwa amechoka kuisikia ile hadithi yako ya kuni bila kupaona mahali penyewe.

Mji haujakua, Mama. Bado ni mji mkuu wa jimbo, lakini wa kuumaliza kwa miguu asubuhi moja, na ukivuka nyumba za mwisho unakutana na pori. Mabango ya kuonya kuhusu mamba bado yako ufukweni. Unakumbuka tulipotoka uwanja wa ndege, joto likatupiga usoni, nawe ukavua makoti yako yote mawili palepale? "Kumbe Mungu hakutusahau, alitutangulia huku!" ulisema. Miaka yote ya Sydney ulikuwa huvui koti hata kanisani. Sokoni ukakuta matembele, ukanunua mafungu manne utadhani tuna harusi. Nilifurahi sana siku zile kukuona unatembea bila kujikunyata.

Halafu ile barabara ya porini, kwenye vichuguu virefu kuliko mtu. Uliniambia nisimamishe gari.

"Tazama kuni zote hizi, zimelala tu, hakuna wa kuziokota!"

Nikakwambia tulikofikia kuna jiko la gesi. Ukanitazama kama mtu aliyetukana chakula. Kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, kuni zilikuwa nje ya mpaka, na nje ya mpaka kulikuwa na askari. Sasa umezikuta za bure, ungeziachaje? Ukavunja, ukapanga, ukafunga kwa kitenge chako, nami nikikusaidia. Ndipo gari la hifadhi liliposimama nyuma yetu, akashuka mwanamume mwenye sare.

Wewe uliganda. Mimi nilikimbia.

Kwenye hadithi uliyowasimulia akina mama wa kanisani, tulisimama pamoja. "Binti yangu akamjibu kwa Kiingereza safi, mzungu akatulia!" Uongo mtupu, Mama. Mimi nilikuwa ndani ya gari nimefunga milango, mwanamke mzima, mama wa mtoto, ninayewanyanyua wagonjwa kila siku kwenye hospitali ya Westmead bila kutetereka. Nilikuona kwenye kioo umeinua mikono juu peke yako. Nikamwona yule mtu anainama, anaubeba mzigo wako hadi garini, anagonga dirisha taratibu. Akaniambia kuokota kuni hapo ni ruhusa, marufuku ni ndani ya hifadhi tu. Akatutakia safari njema.

Jioni ulipika matembele kwa kuni zile, unaimba, wala hukuniuliza kitu. Nami sikukuomba msamaha. Nilisema nitasubiri siku nzuri, na siku nzuri zilikuja nyingi tu, zikapita, mpaka ukaondoka duniani. Kila uliposifiwa kwa ile hadithi nilikuwa nainamisha kichwa, watu wakidhani ni adabu.

Basi wiki iliyopita nilisimamisha gari kwenye vichuguu vilevile, nikamwambia Aline ukweli wote.

"Bibi alitudanganyia watu. Mimi nilimkimbia."

Mwanangu hakuacha hata kuokota vijiti.

"I know, Mum. Bibi aliniambia zamani."

"Alikwambia nini?"

"Kwamba ni yeye alikufundisha. Huko kambini. Ukiona askari, tupa kuni, kimbia, usiningoje." Akanyoosha mgongo, akanitazama. "Alisema wewe ulikuwa mtoto msikivu."

Nikakaa chini kwenye vumbi, Mama. Nililia, halafu nikacheka, mpaka Aline akaniletea maji. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikuwa na miaka saba, nakimbia na mikono mitupu hadi mlangoni kwetu, nakungoja roho juu. Ukifika unatugusa vichwa sisi wanao mmoja mmoja, na siku hizo hukuuliza kamwe kuni ziko wapi.

Tulibeba mzigo mkubwa. Aline alifunga kwa kitenge chako, akafunga vibaya, kuni zikawa zinadondoka njia nzima hadi garini. Matembele yalinoga. Nimerudi Sydney kwenye baridi yangu na zamu zangu, nami nina amani ambayo sikuwa nayo nilipoondoka. Lala salama, Mama. Siku nikifika kwako, nitakuja mbio, mikono mitupu, nawe unipapase tu kichwa.

Mwanao msikivu