Mkono Uliotulia Asubuhi Moja

Jumatatu, 2 Juni
Nimechonga penseli tena. Wiki ya pili namsaidia Dokta Neema hapa ukumbi wa parokia, Mapera. Anatafiti kama dawa za wadudu tunazopiga kwenye kahawa zinadhuru mishipa ya fahamu. Kila mkulima anachora mstari unaozunguka kama gamba la konokono. Mkono mzima, mstari laini. Mkono unaotetemeka, mstari una meno. Mimi nagawa karatasi na kuamkia wazee. Kuongea anaongea yeye. Afadhali.

Jumanne, 3 Juni
Wakati wa chai nilijikaza nikamuuliza alianzaje. Mende, akasema. Akiwa mdogo alimpulizia mende dawa, akamwona anatetemeka miguu yote kabla ya kufa. Wenzake walitaka tu afe. Yeye akataka kujua kwa nini atetemeke kwanza. Swali hilo likampeleka chuo kikuu, kisha miaka mingi maabara na panya: dawa zinazotuliza mishipa, sumu zinazoivuruga. Anasema dawa na sumu mara nyingi hupita njia ileile. Sasa anatafiti watu.
Sikujua mtu anaweza kuishi na swali moja. Nimemaliza kidato cha sita na langu silijui.

Alhamisi, 5 Juni
Leo zamu ya Babu. Nimeogopa tangu alfajiri. Nyumbani Bibi anamjazia kikombe nusu na bado chai inamwagika. Msimu huu anachuma kahawa mbichi pamoja na mbivu, vidole vinashindwa kuchagua. Amepiga dawa maisha yake yote bila glavu. Hospitali hataki hata kuisikia.
Akachora. Mstari laini kuliko wote! Dokta akaandika: mzima.
Haiwezekani. Mkono ule naujua.

Ijumaa, 6 Juni
Nimejua. Wazee wawili kwenye foleni walikuwa wakinong'ona kwa Kimatengo.
"Umepata?"
"Kidogo tu. Mtihani huu, utaingiaje hujajiandaa?"
"Mwenyekiti wa kigango jana kapiga komoni asubuhi asubuhi, akachora kama fundi!"
Wakacheka. Mwenyekiti wa kigango ni Babu.
Nimeona aibu. Halafu nikashangaa. Komoni ni pombe, na si pombe ndiyo hutetemesha watu? Mbona yeye imemtuliza?
Nikisema, namwaibisha. Nikinyamaza, karatasi inasema mzima, na hakuna atakayemtibu.

Jumamosi, 7 Juni
Nimesema. Kwa Babu kwanza, maana kumsema nyuma ya mgongo nisingeweza. Nilipiga magoti, shikamoo ikatoka kama pumzi.
"Mjukuu wangu, mtu akitetemeka watu husema mlevi. Ulitaka mgeni anione mlevi?"
Kwa hiyo alikunywa ili asionekane mlevi. Nilitaka kucheka na kulia.
Akavaa kofia, akaenda mwenyewe kwa Dokta. Akachora bila komoni. Mstari ukawa meno matupu.
Dokta hakumcheka. Aliziweka karatasi mbili pamoja, akaziinamia, macho yanang'aa kama ya mtoto. Anasema mtetemeko unaotulizwa na pombe mara nyingi si wa sumu. Ni wa aina nyingine, ambao mara nyingi hurithiwa, na dawa ipo, siyo pombe. Lakini yeye ni mtafiti, hatibu. Aende hospitali Mbinga wamthibitishie. Babu amekubali! Sikuamini.
Kisha Babu akamwambia hakunywa peke yake, Dokta akashika kichwa. Wazee wote warudie, bila komoni.
"Basi watakuja wachache," Babu akasema.

Jumatano, 11 Juni
Lituhi. Tumeshuka ziwani kupima wavuvi wasiowahi kupiga dawa ya kahawa, tuwalinganishe na wakulima. Dokta aliniambia leo nitoe maelekezo mimi. Nilitoa. Walionisikia ni wa mbele tu. Nikarudia, nikasikika mpaka benchi la nyuma.
Bibi amepiga simu. Mbinga wamethibitisha, Babu ameanza vidonge. Chai bado inamwagika, ila siyo kama mwanzo.
Hurithiwa. Neno hilo nimelala nalo tangu Jumamosi. Sijui kama ni woga au hamu ya kujua. Wavuvi walipoondoka nilichukua karatasi moja nikachora mstari wangu, polepole, kutoka katikati kwenda nje. Laini. Nadhani.
Nikaandika jina, umri, tarehe. Chini kuna swali jipya ambalo Dokta ameongeza: Leo umekunywa nini?
Nikajibu: chai.