Baba Hataki Kuvuliwa

Kariakoo, 4 Mei 2025

Kaka Abdulmalik,

Shikamoo. Habari za Kigamboni? Mimi mzima, ila Baba hali yake si nzuri. Tangu apooze upande hajaoga sawasawa. Anasema mtoto wa kike hatamwona uchi, anakutaka wewe.

Jana ualimu wake ukampanda. Eti neno la Kiingereza naked, yaani uchi, ni la kale mno, lina ndugu zake mpaka Uhindini, na Waingereza wa zamani walimwita hivyo hata mtu aliyebaki na nguo ya ndani. "Kwa hiyo ukinivua shati tayari niko naked. Ishia hapo." Mimi nikacheka, yeye hakucheka.

Kaka, ni kuvuka pantoni tu. Njoo umwogeshe baba yako.

Mdogo wako,
Badria

Kigamboni, 9 Mei

Badria,

Marahaba. Afya ipo, alhamdulillah. Nisikufiche, siwezi. Yule mzee alikuwa akikohoa tu, darasa zima kimya. Nikishamwona uchi nitamtazamaje tena usoni? Tafuta mtu wa kumhudumia, gharama juu yangu.

Kaka yako,
Abdulmalik

Kariakoo, 21 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumai hamjambo huko. Mtu alikuja, kijana mstaarabu kabisa, Baba kamfukuza kwa mkongojo. Sasa mgongo umeota vidonda. Juzi nimemwosha mwenyewe kwa nguvu, huku analia. Tangu hapo hasemi na mimi, na chakula anakisukuma.

Nina hasira na wewe, tena nyingi. Pantoni inavuka kutwa kucha.

Badria

Kigamboni, 12 Juni

Mdogo wangu Badria,

Sijui hata nikusalimie vipi. Jana baada ya kumzika Baba niliondoka bila kukuaga, nilikuonea haya.

Shehe alinishika mkono, akasema mtoto wa kiume aje amwoshe baba yake. Nikaingia. Baba alikuwa amefunikwa shuka, kitovuni mpaka magotini. Wakanizungushia kitambaa mkononi, nikaosha chini ya shuka bila kuona kitu. Ndivyo maiti anavyooshwa, tulifundishwa madrasa wote, wewe na mimi. Ningeweza kumwogesha hivyo hivyo akiwa hai, na angekubali.

Tulipomgeuza nikaviona vidonda. Nikamwomba shehe tumwage maji polepole.

"Mwaga tu, mwanangu," akasema. "Haumii tena."

Kaka yako,
Abdulmalik