Mtunzi wa Wimbo wa Mtungi

Mama,

Nisamehe nakuandikia Kiswahili. Kisukuma changu ni cha kusema tu, nikishika kalamu kinanikimbia. Na wewe hata kusoma hukujua, kwa hiyo sijui naandika ili iweje. Nimekasirika, Mayu, mama yangu, na hapa bwenini Dar es Salaam hakuna wa kumwambia.

Wimbo wako umefika chuo kikuu.

Mwaka ulipotuacha, wakati wa likizo ndefu, mwalimu wangu wa fasihi hapa chuoni alikuja kwetu Samuye na tepu rekoda kukusanya nyimbo. Mimi ndiye niliyemtafsiria. Baba, manju wetu, alivaa shanga zake za ngoma akaimba mpaka sauti ikakauka, na wa mwisho ukawa ule wako. Mwalimu akauliza, "Huu nao umeutunga wewe, mzee?" Baba akajibu kwamba ni wake. Nikatafsiri: "Anasema ni wake." Basi. Ilikuwa miezi mitatu tu tangu nikuzike, na nikasema hivyo bila kumeza hata mate.

Nilikuwepo ulipouanza. Nilikuwa darasa la tano, tumehamishiwa kijiji kipya na kisima kimebaki kule tulikotoka. Jana yake ulikuwa umerudi kutoka hospitali ya Kolandoto bila mtoto. Asubuhi bibi akasema maji yameisha. Hakuna aliyesema pumzika. Ukabeba mtungi, nami nikakufuata na kindoo changu. Njiani hukulia. Ulianza kuusemesha mtungi, kama mtu anayemsemesha ng'ombe mkaidi:

"Mtungi, shuka utembee mwenyewe,
leo kichwa changu kimejaa."

Msimu wa kuchuma pamba wanawake wote walikuwa wanauimba. Mmoja anauliza, "Kimejaa nini?" na kila mtu anajibu la kwake. Mama Kulwa alijibu mume mlevi, wote wakacheka. Wewe hukujibu hata siku moja. Kisha Baba akausikia, akauongezea vibwagizo, akaupeleka kwenye mashindano ya ngoma, akashinda. Tangu siku hiyo ukawa wimbo wa manju.

Mwezi uliopita mwalimu alitugawia karatasi. Wimbo wako umepigwa chapa, na juu yake: Mtunzi, kisha jina la Baba. Akatufundisha kwamba wahakiki wana shule nyingi, na kila shule ina jicho lake, akatupa kila mmoja jicho la kuutazamia. Dada mmoja wa Tanga akatazama fani. Alisema wimbo umeupa mtungi miguu ili sisi tuliouzoea tuuone kana kwamba hatujawahi kuuona. Hilo nililipenda, Mama, sikufichi. Wa pili akatazama matabaka: kichwa ni mkulima, mtungi ni mnyonyaji. Wa tatu akatazama yaliyofichika moyoni mwa mtunzi. Akasema mtungi ni tumbo la mama, na huyu mzee wa Samuye ana jambo la uzazi linalomsumbua na mwenyewe hajui. Darasa likaangua kicheko.

Yule ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko wote, naye alikuwa anacheka.

Nikasimama. Nikasema wimbo huu ni wa mama yangu. Mwalimu akanitazama kwa upole, upole ule wa kumtuliza mtoto. "Minza, kuna wanaosema kazi ikishatoka, mtunzi amekufa. Tunabaki na maneno na msomaji. Ametunga nani, si hoja yetu."

Mtunzi amekufa! Nikamwambia, "Ni kweli amekufa, mwalimu. Nilikuwepo. Lakini kama si hoja, mbona mmeandika jina la baba?"

Halafu akasema kitabu cha nyimbo alizokusanya kiko karibu kupelekwa kiwandani kuchapwa, na kama nina la kusahihisha nilete kauli ya mzee mwenyewe.

Nikapanda treni hadi Shinyanga. Nilimkuta Baba anasuka kamba ya kufungia ng'ombe. Shikamoo, marahaba, habari za masomo, kisha nikamweleza. Akakasirika. "Mama yako tuliishi naye miaka yote. Hakuwahi kulalamika."

"Alilalamika, Baba," nikasema. "Ndiyo hayo uliyokuwa unayaimba."

Sijawahi kumjibu hivyo maishani. Nilingoja anifukuze. Aliendelea na kamba yake, akakosea, akafumua, akaanza upya. Nilikaa siku mbili. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi lori linaposimama, na nilipokuwa ndani ndipo akauliza, "Huyo mwalimu wako, jina la mama yako, Holo, anajua linavyoandikwa?"

Nililia hadi stesheni.

Nilimpelekea mwalimu swali hilo kuwa ndiyo kauli ya Baba. Jana nakala za kwanza za kitabu zilitoka. Jina la Baba limebaki palepale juu. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, wameandika: "Inasemekana wimbo huu una asili kwa wanawake wa sehemu hizo." Inasemekana. Wanawake. Nilipomwendea mwalimu akasema nishukuru, nyimbo nyingine hazina hata hayo. Sikushukuru. Nina vitabu vizima mezani vinavyonifundisha kumuua mtunzi, na sina hata kimoja kinachoniambia nifanye nini na mtunzi ambaye hawajawahi kumhesabu kuwa hai.

Ila na mimi nina kosa langu, na sitalificha kwa kuwasema wengine. Siku ile ya tepu rekoda ningeweza kusema. Nilimwogopa Baba, nikamwonea haya mgeni. Unisamehe, Mayu.

Mwisho wa mwaka naandika tasnifu yangu. Nimeshamwambia mwalimu nitaandika juu ya wimbo huu, naye ameniasa nisichanganye uhakiki na mambo ya nyumbani. Nitachanganya. Ukurasa wa kwanza utakuwa na jina Holo, na chini yake nitaeleza ile asubuhi na ile njia, ndipo nianze hayo ya fani. Wakitaka kunifelisha wanifelishe. Wakitaka kulifuta jina lako, walifute nikiwa nimesimama pale, wakinitazama usoni.

Lala sasa, Mama. Leo hakuna anayekutuma kisimani.

Mwanao,
Minza