Aliyeitika Kwenye Mkutano wa Bei ya Umeme

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Nakuamkia kutoka huku milimani, bara ya Kilwa, nikiwa mzima, alhamdulillah, ila usingizi umenikimbia. Goti lako vipi? Na mikorosho imeshapulizwa dawa, au Kaka Hamisi bado anangoja ukungu wa ubwiriunga umalize maua yote? Yeye ndiye akusomee barua hii, na asome mchana. Ningekueleza kwa simu, lakini nakujua, ungenikatiza useme nimerogwa.

Unamkumbuka Babu Mbonde, mwenye nyumba niliyopanga? Yule mkali. Kila alfajiri alikuwa anakohoa mara mbili ng'ambo ya ukuta, kikohozi kikavu, kisha ananiita kwa jina la kijiji chetu: "Binti Milola, upo?" Nami hata kama nimejifunika shuka najibu, "Nipo, babu." Nikichelewa kujibu ananuna mpaka jioni, eti namfanya alale nyumba moja na maiti. Basi mama, babu amefariki.

Yeye ndiye aliyekuwa mfungua neno wa kijiji. Hapa wana desturi yao: mkutanoni hakuna anayesema kabla ya mfungua neno. Atasema chochote, hata akilalamikia joto tu, ndipo wengine wanapata ruhusa. Akifa, kigoda chake kinawekwa mbele kitupu, na watu wananyamaza kila mkutano mpaka apatikane mwingine. Wala hachaguliwi. Wanasema marehemu mwenyewe humwita anayemtaka. Niliposikia hayo nilicheka.

Arobaini yake haijafika, wakaja watu wa serikali na mkutano wanaouita taftishi. Kampuni inayotuuzia umeme wa jua hapa kijijini ilitaka kupandisha bei, na sheria inasema wananchi waulizwe kwanza. Mama Theresia, tajiri yangu mwenye mashine ya kusaga, alinieleza bila kuzunguka: "Bei hiyo ikipita nafunga mashine, nawe urudi kwenu. Sina namna, mwanangu." Najua wewe ungefurahi. Mimi nililia. Mashine hii ndiyo inayonilisha, na ndiyo iliyonifanya nihesabiwe mtu mbele za watu.

Tulijaa darasani, mchana wa jua kali. Watu wa kampuni wakaeleza mambo ya betri na mikopo. Kisha mama mmoja mpole, aliyeongoza mkutano, akasema, "Haya ndugu zangu, nawasikiliza. Maoni yenu?"

Kimya. Akauliza tena. Watu wote macho kwenye kigoda.

"Jamani, nimetoka Dar es Salaam kuja kuwasikiliza. Nikiondoka hivi, nitaandika hamna pingamizi."

Mama Theresia alinibana mkono mpaka kucha zikaingia, lakini hata yeye hakuthubutu. Niliwaka kwa hasira. Mtu anakunyang'anya tonge mdomoni, na wewe unashika adabu!

Mkutano ulikuwa unarekodiwa kwa simu. Yule mama, nadhani alitaka tuone aibu, akasema atatusikilizisha ukimya wetu wenyewe. Akaunganisha simu na spika, akarudisha nyuma. Tukamsikia akiuliza maoni yetu. Kikafuata kimya. Halafu kikohozi, mara mbili, kikavu.

"Binti Milola, upo?"

"Nipo, babu," nikajibu.

Mdomo ulijibu wenyewe, mama. Ulishazoea. Darasa zima likanigeukia, Mama Theresia akafanya ishara ya msalaba. Yule mama wa serikali akauliza, "Nani huyo aliyekohoa?" Akarudisha nyuma tena. Safari hii hapakuwa na kikohozi wala mtu aliyeita. Lilikuwepo swali lake, kimya, kisha sauti ya mwanamke peke yake: "Nipo, babu." Ilikuwa sauti yangu. Na Mungu ni shahidi, swali lile lilipoulizwa nilikuwa nimefumba mdomo.

Mdogo wake marehemu akanisogezea kigoda. "Ameita, na umeitika. Kaa, binti, utufungulie."

Nikakaa. Kigoda kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Nikasema la kwanza lililonijia: kwamba umeme wenyewe unazimika hata isha haijaingia, sasa tulipie giza kwa bei ya mwanga? Hapo ndipo watu wakafunguka, wakasema mpaka wageni wakachoka kuandika.

Majibu yametoka juzi. Bei haipandi mpaka kampuni ifunge betri mpya. Mashine inaunguruma, na nimefurahi, sikufichi. Ila naogopa, mama. Chumba cha babu kimepigwa kufuli, ufunguo uko kwa mdogo wake, na alfajiri bado nasikia kikohozi.

Nisalimie Shangazi wa Mtama, lakini habari za kigoda usimwambie, atazieneza sokoni kabla hajamaliza kufunga kanga. Mdogo wangu Zuhura wa Mtanda mwambie kitambaa chake cha sare ya harusi nimekipata. Kaka Hamisi naye salamu anazo hapo hapo anaposoma.

Unaniuliza kila mara nitarudi lini. Wallahi nilipanga nije korosho zikianza kudondoka, hata begi nimelifunga. Nikasema ngoja kwanza nijivue hili jambo, nisiitike tena. Leo alfajiri babu akakohoa, akaita. Nikauma shuka, nikanyamaza kimya. Na kutoka ndani ya chumba chenye kufuli, ng'ambo ya ukuta, nikasikia sauti yangu ikimjibu kwamba nipo.

Niombee dua, mama.

Mimi mwanao,
Somoe