Swali Nililomwandikia Mama

Gaborone, 6 Machi 2006

Mama mpendwa,

Habari za Mmadinare? Mimi ni mzima, ila usingizi hauji vizuri. Natumai wewe, Baba na mbuzi hamjambo.

Kazi ya ukarani katika kliniki ya moyo nimeanza kuizoea. Kutwa nanakili vipimo vya lehemu, yale mafuta yanayoganda ndani ya mishipa ya damu, na kila tarakimu naihakiki mara mbili. Wagonjwa wengi ni wanaume wa umri wa Baba. Sasa nikifumba macho namwona msibani, amekaa na wanaume wenzake kwenye vyungu wanavyopikia nyama, anaonja mafuta kwa upawa. Tafadhali mpeleke akapimwe. Fomu nimeiambatisha. Nimeijaza kwa penseli, asije akasema nimemwamuru.

Mwanao mwoga,
Mothusi

Mmadinare, 21 Machi

Mwanangu Mothusi,

Sisi wazima, isipokuwa mbuzi mmoja kachukuliwa na mbweha. Wewe unakula lakini?

Baba yako alikataa. "Nimemsomesha mtoto ili aje ahesabu mafuta yangu?" Nikamwambia, "RraMothusi, usipokwenda nakupikia majani matupu mpaka Pasaka." Akaenda. Majibu yametoka: damu yake kama ya kijana! Sasa nyumba haikaliki kwa majigambo. Mgeni anaonyeshwa karatasi kabla hajapewa kiti.

Mimi nilimsubiri nje. Ugonjwa huo ni wa wanaume, wao ndio wanaokaa na vyungu. Sina shida, nachoka tu, na taya la kushoto linauma nikifagia uwanja. Nikikaa linaacha. Nilikwenda kung'olewa jino, daktari wa meno akasema, "Mama, jino hili halina kosa, nisilionee." Basi nafagia nusu nusu.

Mama yako

Gaborone, 24 Machi

Mama,

Salamu zitafuata, hii naiandika nimesimama, nimpe kondakta wa basi la leo.

Nilimsomea Daktari Seboni wa kliniki yetu habari ya taya. Akavua miwani.

"Karani, kwa nini ulimpimisha baba peke yake?"

"Moyo ni ugonjwa wa wanaume, Daktari."

"Nani kakwambia? Fungua madaftari yako mwenyewe. Wanawake wamo, ila ugonjwa huwafikia miaka kumi baada ya wanaume."

Alinieleza kwamba mwanamke anapokuwa bado anaona siku zake, mwili wake una mlinzi: lehemu njema huwa nyingi, na ile mbaya huondolewa vizuri na ini. Siku zikikoma, mlinzi anaondoka, na lehemu mbaya inapanda hata kama mtu hajawahi kukaa na vyungu. Tena moyo wa mwanamke pengine haulalamiki kifuani. Hulalamika kwenye taya, mgongoni, au kwa uchovu tu.

Kwa hiyo kuna jambo Daktari anataka nikuulize. Simu anashika Baba, na swali hili haliwezi kupitia kwake. Nimeshachana karatasi nne. Mama, mstari unaofuata usome ukiwa peke yako, kisha usahau ni mimi niliyeuandika.

Je, siku zako zimekoma, na ni tangu lini?

Nisamehe. Lakini jibu liwe lolote, usifagie tena. Nenda hospitali leo, barua hii mkononi.

Mwanao mwoga zaidi,
Mothusi

Gaborone, 11 Aprili

Mama mpendwa,

Hujambo? Baba hajambo? Wiki mbili na nusu sijapata neno. Simu ya Baba inaita tu. Kama nimekuvunjia heshima niadhibu, ila niadhibu kwa maandishi, nijue upo. Leo nimenakili tarakimu moja vibaya. Haijawahi kutokea. Jumamosi napanda basi, hata ukinifukuza getini.

Mwanao,
Mothusi

Mmadinare, 13 Aprili

Mothusi wangu,

Nipo. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua.

Kondakta aliniletea barua yako kwenye kikao cha chama chetu cha mazishi. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, kwa hiyo mwenzangu MmaTiro ndiye aliyesoma. Kwa sauti! Alipofika kwenye mstari wako aliurudia, na wanawake kumi na mmoja wakaangua kicheko. "MmaMothusi, mjibu mtoto, anasubiri!" Nikasema, "Miaka sita." Halafu mmoja akasema polepole, "Na mimi taya huniuma." Kicheko kikakatika.

Tulipanda sote gari la chama, lile la kubebea majeneza, mpaka hospitali. Dereva akasema tangu aajiriwe hajawahi kupakia watu wanaobishana.

Mshipa wangu mmoja ulikuwa karibu kuziba. Nililazwa Francistown siku kumi na saba, nimerudi nyumbani juzi. Wameuzibua, na vidonge vya lehemu nimepewa. Daktari anasema ningeendelea kufagia, Pasaka hii chama kingenizika. Wenzangu wanne nao wameanzishiwa vidonge. Baba yako alikuwa analala kwenye benchi la wodi. Simu aliisahau nyumbani, ikawa inawalilia mbuzi.

Heshima hukuvunja. Ungenyamaza, hapo ndipo ungenikosea.

Jumamosi njoo. Lakini kwanza mwandikie shangazi yako Galeboe, kule Bobonong. Ana miaka sitini na mbili, mgongo unamuuma akipanda kilima, na anasema hospitali ni ya wavivu. Mimi hanisikilizi. Wewe muulize. Atakutukana kwanza, kisha atakwenda.

Mama yako